Kiapo cha Shangazi Mbuke

Rafiki zangu wa Francistown, tangu nimerudi kila mmoja wenu amenishika mkono, sokoni au kwenye varanda ya wodi, akaniuliza jambo lile lile: mtu anaendaje nyumbani kuchukua karatasi moja akakaa wiki saba? Wengine niliwajibu, "Mvua," na ni kweli mvua ilikuwepo. Wengine niliwachekea tu. Sasa nimekaa chini niandike mara moja, msomeane.

Habari za fomu, picha na mihuri naziruka. Mnazijua. Mkataba mpya ulimtaka kila muuguzi wa kigeni alete cheti cha polisi wa kwao, kwamba hana rekodi ya uhalifu. Nyie mlichovya vidole kwenye wino, mkatuma kwa posta, na vyeti vikarudi. Changu hakikurudi. Ilikuja barua ya mistari miwili: mhusika afike mwenyewe. Mlinipa pole, mkasema ndiyo urasimu wa kwetu huo. Mimi nilijua kuwa si urasimu. Nilijua sababu tangu nilipoishika ile bahasha, na sikumwambia yeyote kati yenu.

Francistown mpaka Kapiri Mposhi

Mpaka kwenye kivuko cha Kazungula sina la kusimulia, isipokuwa foleni ya malori na jua. Ng'ambo nilipata basi la Lusaka. Jirani yangu alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa miezi kama mitano. Alinisemesha Kibemba, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Tulipofika Mazabuka basi likasimama, yule mama akaniwekea mtoto mapajani, akasema maneno matatu manne, akashuka.

Basi likawasha injini. Nikatazama dirishani, simwoni. Likaanza kutembea. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Dereva, simama! Mwenye mtoto ameshuka!" Hakuna aliyenielewa, ila mtoto alielewa kuwa kuna hatari, akaangua kilio. Abiria wakageuka. Kutoka viti vya nyuma kabisa nikasikia mtu anacheka. Ni yule mama. Alikuwa amepandia mlango wa nyuma akalale kwenye kiti kirefu, kwa kuwa alikuwa akisikia kichefuchefu, na yale maneno ambayo mimi niliyaitikia kwa kichwa yalikuwa, "Nishikie mpaka Lusaka."

Nilimshika mpaka Lusaka. Aliniloanisha mara mbili. Mama yake alinilipa kwa karanga za kuchemsha zilizojaa kitambaa cha kichwa, nikala mpaka Kapiri.

Treni ya kuelekea Dar es Salaam

Kwenye treni tulikuwa wanawake sita katika behewa la kulala. Aliyetawala pale alikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, tukimwita Mama Tumaini. Chini ya kila kitanda, changu kikiwemo, kulikuwa na mizigo yake: vitenge, mafuta ya kujipaka, sabuni za kuogea zenye picha za mawaridi. Harufu ya sabuni ilitufuata siku mbili na nusu.

Tulipokaribia mpaka nikaona jasho linanitoka. Askari wa forodha aliingia, akatazama, akasema, "Mama Tumaini, habari za huko?" Mama Tumaini akamwonyesha karatasi zake za ushuru, akaambiwa safari njema, basi.

"Wewe dada mbona unatetemeka?" Mama Tumaini aliniuliza askari alipotoka. "Una homa?"

"Hapana. Nimezoea enzi zile za kupekuliwa."

"Enzi zile zimekufa. Sasa hivi ni wewe na mtaji wako." Akanikatia kipande cha mkate. "Kula. Mwenye mzigo ni mimi, unayetetemeka ni wewe."

Wenzetu walicheka, nikacheka nao. Makambako tulisimama karibu siku nzima kwa sababu mvua ilikuwa imeangusha udongo kwenye reli mbele yetu. Tulishuka, tukanunua mahindi ya kuchemsha na chai ya maziwa, tukakaa kwenye nyasi kandokando ya reli kama watu waliokuja matembezi.

Dar es Salaam, chumba cha alama za vidole

Afisa aliyenipokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitoa kadi mbili akaziweka mezani sambamba, juu yake kioo cha kukuzia.

"Hivi vidole ulivituma kutoka Botswana. Ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Na hivi vya zamani?"

"Navyo ni vyangu."

Akaonekana kufarijika. "Wengi hukana, tukapoteza siku nzima. Hapa imeandikwa Minza binti Luhende, Bariadi. Kukutwa na bidhaa adimu kinyume cha sheria. Ulifikishwa mahakamani. Mwisho wa kesi haujafika kwenye kadi hii. Kadi isiyo na mwisho siwezi kuitolea cheti, dada. Niletee nakala ya hukumu."

Basi, rafiki zangu, kisa chenyewe ndicho hiki.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uuguzi Mwanza. Madukani kulikuwa na rafu tupu na karani. Wodini tulitakiwa kuwa na saa yenye mshale wa sekunde ya kupimia mapigo ya moyo; asiyekuwa nayo alisimama nyuma ya wenzake. Nikapata mtu wa kuniuzia kwa mlango wa nyuma miche ishirini ya sabuni na doti nne za khanga, nikauze kijijini wakati wa likizo, ninunue saa. Shangazi yangu Mbuke, dada mdogo wa baba, alikuwa Mwanza kutibiwa macho. Tukarudi pamoja kwenye basi. Hakujua kilichokuwa ndani ya kikapu changu.

Njiani mgambo walisimamisha basi. Mmoja alikipiga kikapu kwa fimbo, akafunua. "Huu mzigo wa nani?"

Nilinyamaza. Sikukusudia kunyamaza, kinywa kilikauka tu.

"Ni wangu," akasema Shangazi. "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, nimempa anisaidie kubeba."

Tulichukuliwa wote wawili, tukachovya vidole wote wawili. Mimi niliachiwa. Yeye alifungwa miezi sita, gereza la Shinyanga. Nilirudi chuoni, na sikumwambia mtu. Baba aliposikia kwamba dada yake amemwingiza binti yake kwenye ulanguzi, alisema huyo si dada yake tena. Nilimsikia akisema, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikimenya viazi. Miaka mitatu baadaye nilikuja huku Francistown. Nimetuma fedha, nimetuma nguo. Mwenyewe sikuwa nimerudi kwa miaka tisa.

Reli ya kati mpaka Shinyanga

Treni ya bara iliondoka salama, ikafika Dodoma, ikalala. Mbele yetu maji yalikuwa yamesomba tuta. Tulikaa siku mbili. Siku ya kwanza watu walilalamika. Siku ya pili walipika. Kando ya mabehewa yalizuka majiko ya mawe matatu, na wenye unga waliwagawia wenye dagaa.

Mimi nililishwa na bibi mmoja mstaafu aliyekuwa anakwenda Tabora kwa mwanawe. Alikuwa na mgongo ulionyooka na namna ya kuhesabu vijiko baada ya kuosha. Nikamuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

"Askari magereza. Upande wa wanawake, miaka ishirini na nne."

Nikaacha kula. Nikamuuliza, kama anayepiga soga, kama wakati ule wa walanguzi alikuwa kazini.

"Nilikuwepo. Walijaa. Akina mama wa sabuni, akina mama wa sukari. Hatukuwa na pa kuwalaza." Akapuliza moto. "Hawakuwa wasumbufu. Walilima. Shida yao ilikuwa siku za kutembelewa. Anayetembelewa anarudi anaimba. Asiyetembelewa anaomba apewe kazi siku hiyo, asikae getini kutazama."

Hakuwa amewahi kufanya kazi Shinyanga, hakumjua shangazi yangu, wala sikumtaja. Lakini nilikuwa najua kwamba katika miezi ile sita hakuna mtu kutoka kwetu aliyekwenda.

"Kula, mwanangu, dagaa wanapoa," akasema.

Shinyanga mpaka Bariadi

Bariadi ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na barabara ya kupitia Maswa mnaijua wenye kwenu huko: kiangazi vumbi, masika udongo mweusi unaomeza gurudumu kama ugali unavyomeza kidole. Tulikwama mara tatu. Mara ya tatu wanaume walivua viatu wakasukuma, wanawake tukatangulia kwa miguu, mashamba ya pamba pande zote mbili yakiwa yametoa maua.

Mzee mmoja wa Shishiyu alitembea nami akilalamikia wanunuzi binafsi wa pamba. "Msimu uliopita wamekuja watatu na mizani mitatu. Kila mzani una ukweli wake."

"Zamani ilikuwa afadhali?"

"Zamani mzani ulikuwa mmoja, na uongo mmoja. Ulikuwa umeuzoea."

Kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nikasema wa Luhende, katekista wa Mwamapalala. Akasimama katikati ya tope. "Yule mwenye dada aliyefungwa?"

Nikasema ndiyo. Miaka kumi na miwili, na tulikuwa bado wilaya ya jirani.

Bariadi

Karani wa mahakama alikuwa kijana wa watu, safi, kalamu mbili mfukoni. Alikwenda ghalani, akarudi na daftari lililofungwa kamba ya katani, na katika nusu saa alikuwa ameliona shauri letu. Kila kitu kilikuwepo, kwa mwandiko mzuri. Mshtakiwa wa pili, Minza binti Luhende: ameachiwa huru.

"Ila pasipoti yako inasema Theresia," akasema.

"Theresia ni la ubatizo. Minza ni la nyumbani."

"Mimi nakuamini. Karatasi haiamini. Mko mabinti wangapi kwa Mzee Luhende?"

"Wanne."

"Unaona? Anahitajika mtu aape kwamba Theresia huyu ndiye Minza aliyesimama hapa siku ile. Baba yako anaweza kuapa kuwa wewe ni binti yake. Kuwa ndiye uliyesimama hapa, hakuwepo." Akapitisha kidole juu ya mstari wa juu. "Huyu mshtakiwa wa kwanza, Mbuke. Yu hai?"

"Yu hai. Yupo Zagayu."

"Basi mlete huyo."

Kwa baiskeli mpaka Zagayu

Nilimpata jamaa wa baiskeli ya kukodi, mwenye miguu kama mitaimbo na mdomo usiofungwa. Njiani alimwambia kila tuliyekutana naye kuwa amembeba nesi wa kutoka Ulaya. Nilimwambia ni Botswana. Akasema, "Sawa, huko huko." Matokeo yake, tulipokaribia Zagayu nilikuta akina mama saba wamepanga mstari kando ya njia, watoto mikononi, kadi za kliniki tayari. Ilinichukua muda kuwaeleza kuwa sina chanjo. Mmoja alisema, "Basi mtazame tu," nikawatazama wote saba. Mmoja alikuwa na sikio linalotoa usaha, nikamwandikia mama yake karatasi ya zahanati. Sitasema kwamba nilifanya vile kwa huruma tupu. Nilikuwa nachelewesha kufika.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichagua michembe ya akiba, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akitupa iliyoingia wadudu. Aliishi peke yake. Mumewe alikuwa ameoa mwingine wakati ule wa kifungo. Amepungua. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Nilipiga goti nikamwamkia, "Mwadila, shangazi."

"Mwadila, ng'wanone." Aliniita mwanangu vile vile, hakushangaa hata kidogo. "Umenenepa. Huko wanakulisha."

Alinipa maziwa mgando, akanipikia ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo huku nimeitafuta sijaiona. Hakuniuliza kitu mpaka niliponawa mikono.

"Sasa sema. Mtu hatoki mbali hivyo kufuata michembe."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akizidi kuchagua.

"Mahakama ipi?"

"Ile ile, shangazi."

"Nilipotoka pale, nilisema mguu wangu hautaingia tena." Akautazama ule mguu, kana kwamba unaweza kutoa maoni yake. "Na usipopata hiyo karatasi?"

"Napoteza kazi."

"Utarudi hapa kulima?"

"Nitarudi."

"Huwezi kulima wewe. Hata ulipokuwa mdogo ulikuwa unakata pamba ukiacha magugu." Akasimama, akakung'uta khanga. "Tutakwenda kesho. Nitafute ile nguo yangu nzuri."

Mahakamani

Aliingia na gauni la kitenge cha bluu na viatu alivyokuwa ameazima kwa jirani. Mlangoni alisimama kidogo. Sikujua nimshike mkono au nisimshike. Akaingia mwenyewe.

Hakimu alikuwa mama wa umri wangu. Alimwapisha, kisha akamwambia karani asome kumbukumbu ya zamani, ili shahidi athibitishe kuwa ndilo shauri analolizungumzia. Karani akasoma kwa sauti ya kazi, bila haraka:

"Mshtakiwa wa kwanza anakiri kwamba mali yote ni yake. Anasema mshtakiwa wa pili ni mtoto wa kaka yake, hakujua kilichomo ndani ya kikapu, na anaiomba mahakama imwachie arudi shuleni."

Sikuwa nimewahi kuyasikia maneno yale. Siku ile yaliposemwa, masikio yangu yalikuwa yanavuma. Nikasimama. Nilitaka kusema, mbele ya hakimu, kwamba si hivyo. Kabla sijafungua mdomo, kiatu cha kuazima kilitua juu ya mguu wangu kwa uzito wote wa shangazi yangu.

"Shahidi," akasema hakimu, "unamtambua huyu?"

"Namtambua. Huyu ni Minza. Huyo Theresia ni wa padre."

"Una hakika gani?"

"Nilimbeba mgongoni mama yake alipougua. Nilisimama naye hapa, yeye pale, mimi hapa. Alikuwa analia. Sasa hivi pia analia, mtazame. Analia vile vile, kwa upande mmoja."

Hakimu alinitazama, akaandika. Muhuri ukagongwa. Tulipokuwa tunatoka Shangazi akamgeukia karani.

"Na mimi, baba, naweza kupata hicho cheti?"

Karani akafunga daftari taratibu. "Wewe mama, ulitiwa hatiani. Hapa kwetu hakitolewi, na huko Dar sidhani."

"Nilikuwa nauliza tu," akasema.

Nje nilimwambia kuwa ningesema. Akanijibu, "Ungesema, wakufunge wewe, nami nisirudishiwe hata siku moja. Faida ya nani?" Akavua viatu, akavifuta kwa kiganja kwa kuwa havikuwa vyake. "Mahakama haikunifanya kitu. Walinipa chakula. Aliyenifanya ni kaka yangu. Kama una maneno, hayo peleka kwake."

Mwamapalala

Nilifika kwa baba Jumamosi. Alifurahi mpaka akachinja jogoo wawili. Sikuweza kusema siku hiyo. Kesho yake, baada ya ibada aliyoiongoza mwenyewe kigangoni, tulikaa nyuma ya nyumba karibu na zizi, ng'ombe wakiwa wamekwenda malishoni. Nilimwambia yote, tangu saa ya mshale wa sekunde mpaka viazi nilivyomenya.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilikuwa na hamsini na moja. Wewe ulikuwa na hofu. Mimi je? Siku alipotoka alikuja moja kwa moja hapa, kwa miguu kutoka barabara kuu. Alisimama pale kwenye nguzo ya zizi. Nilikuwa nakamua. Sikuacha kukamua. Alisimama mpaka nikamaliza ng'ombe wa tatu, akaondoka."

"Hukujua, baba."

"Sikuuliza." Akasimama. "Nililala siku ngapi bila kuuliza? Nenda kalete baiskeli."

Nilimwambia jua ni kali, asubiri. Alikuwa ameshaingia ndani kubadili shati.

Tulikwenda pole pole. Mahali penye tope tulishuka tukakokota. Shangazi alituona kwa mbali, maana alikuwa amesimama uani tulipofika, mikono kiunoni. Kwetu mdogo ndiye anayempigia goti mkubwa, na mwanamke humpigia kaka yake. Shangazi hakupiga. Alisimama wima kama mlingoti, akisubiri aone.

Baba aliegemeza baiskeli. Akatembea mpaka hatua mbili kutoka kwake. Kisha yule mzee, katekista, mkubwa wa ukoo wetu, akapiga magoti yote mawili kwenye udongo, akasema, "Mwadila, Mbuke."

"Inuka. Watu wanaona."

"Waone."

"Suruali yako itachafuka."

"Mbuke, nimekuamkia."

Majirani kweli walikuwa wanaona. Mwanamke mmoja alikuwa ameacha kutwanga. Mwishowe Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mwadila, kaka," akainama kumwinua, ila kwa kuwa magoti yake mwenyewe si mazima hakuweza, wakabaki wote wawili chini wakishikana mikono. Ilibidi nije niwainue mmoja mmoja.

Siwezi kuwaambia kuwa walizungumza mambo makubwa. Walizungumza juu ya mvua, na juu ya ndama aliyekufa miaka mingi, na nani alaumiwe kwa ndama huyo.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama zilivyo njia zote za kurudi. Kule Dar yule afisa mwenye miwani ya uzi alichukua nakala ya hukumu na kiapo, akaandika mwisho kwenye kadi yangu ya zamani, na siku ya nne akanipa cheti. Kinasema hakuna rekodi ya hatia dhidi yangu. Ni kweli, haipo. Nimekikabidhi ofisini, mkataba umeongezwa miaka miwili, na likizo yangu ijayo nimeshaiombea tarehe.

Mlipokuwa mnaniaga mlisema kwamba cheti changu kitakuja upesi, maana Theresia ni mtu msafi. Niliona haya, ndiyo maana nimeandika hivi badala ya kusimulia kwa mdomo. Mkiniita kwenye chai ya Jumapili nitakuja. Msiponiita, sitauliza.

Barua ya baba imefika wiki iliyopita. Pamba imeanza kupasuka, wanunuzi wameshakuja kuonyesha sura zao. Shangazi Mbuke sasa huja Mwamapalala kila Jumapili baada ya ibada, hula, huketi mpaka jua lipoe. Ila baba anaandika kwamba juzi wamegombana vibaya kwa ajili ya jembe la kukokotwa na ng'ombe, nani aanze kulitumia, na Shangazi ameondoka akisema hakanyagi tena kwake mpaka Jumapili.